Siku mbili kwenye minazi ya watu

Mimi nimezaliwa Mafia, na mtu wa Mafia hapelekwi kutembezwa kwenye minazi. Minazi ndiyo iliyonisomesha: babu yangu mzaa mama aliuza mbata, yaani nazi iliyokaushwa, mbata ikanunua sare na madaftari, nami kila likizo nililipa deni hilo kwa kuokota nazi zilizoanguliwa na mkwezi, kuzirundika mafungu na kuzihesabu huku chungu wananipanda miguuni. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, nilipojikuta mbele ya dirisha la tiketi nikihesabu peso za kiingilio cha watu wazima wawili na watoto wawili ili tuingie shamba la minazi la Villa Escudero, nilimsikia babu akinicheka kutoka huko aliko.

Tunaishi Los Baños, katika mkoa wa Laguna, kusini mwa Manila, nchini Ufilipino, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Nilikuja kusoma shahada ya uzamivu katika mambo ya mbegu za mpunga, na kwa kazi hiyo hapa ndipo penyewe, maana Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ilianzishwa katika mji huu mwaka 1960, na mbegu ya IR8, iliyobadilisha kilimo cha mpunga sehemu kubwa ya Asia, ilitolewa hapa mwaka 1966. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, ambaye nazi kwake ni kitu kinachofika sokoni kikiwa kimekwisha kufuliwa. Binti yetu ana miaka 9 na Kitagalogi chake cha shuleni kimeshakipita Kiswahili chake. Mdogo wake wa kiume ana miaka 5 na hana kumbukumbu yoyote ya nyumbani. Nilitaka, kusema kweli, wanangu waone mnazi ukiwa kazini, si mnazi wa pambo uliofungwa taa mbele ya hoteli.

Jirani yetu alitushauri twende Bagac, katika mkoa wa Bataan, kwenye Las Casas Filipinas de Acuzar, ambako tangu mwaka 2003 nyumba kongwe za enzi ya Wahispania zimekuwa zikifumuliwa huko zilikokuwa, tofali moja moja na ubao mmoja mmoja, zikahamishwa na kusimamishwa upya kando ya bahari. Nimeziona picha zake na ni nzuri kupindukia. Lakini nina kinyongo kidogo na nyumba iliyong'olewa mtaani kwake, hata kama huko ilikokuwa ilikuwa ikioza. Inanikumbusha milango ya nakshi ya Unguja iliyobebwa ikaenda kupachikwa kwenye sebule za watu wasiojua hata jina la fundi wake. Isitoshe, kwenda Bataan kutoka kwetu ni kulizunguka ghuba zima la Manila. Ama Villa Escudero iko umbali wa jipni mbili tu, yaani daladala za huku, na haijahamishwa kutoka popote: ni shamba ambalo limebaki pale pale lilipopandwa.

Jipni ya kwanza ilitufikisha San Pablo, mji wenye maziwa saba madogo yaliyoachwa na volkano, na ya pili, inayoelekea Tiaong, ikatushusha mbele ya lango, mahali ambapo mkoa wa Laguna unakwisha na mkoa wa Quezon unaanza. Aliyezoea daladala haoni ugeni katika jipni, isipokuwa hakuna kondakta. Nauli unampa abiria aliye mbele yako ukisema "bayad po", naye humpokeza mwenzake mpaka imfikie dereva, na chenji hurudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, bila kupungua. Mume wangu bado huitazama chenji hiyo inaporudi kama mtu anayetazama mazingaombwe.

Shamba lenyewe lina hekta 800 hivi. Lilianzishwa katika miaka ya 1880 na Placido Escudero na mkewe, likiwa shamba la miwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 mtoto wao, Arsenio, akaing'oa miwa na kupanda minazi. Mwaka 1929 alijenga bwawa dogo la umeme kwenye mto Labasin ili kuendesha kiwanda chake cha nazi iliyokunwa na kukaushwa, na mwaka 1937 akajijengea nyumba kubwa ambayo bado inasimama katikati ya bustani, waridi kwa rangi. Wageni walifunguliwa milango mwaka 1981. Nayapanga mambo haya kwa mfuatano wake kwa sababu yanaeleza kile kilichonipendeza pale: mahali hapa hapakubuniwa kuwa maonyesho. Kila kitu ambacho mgeni anakitazama kiliwekwa kwa ajili ya kazi, kisha kazi ikageuzwa kidogo uso ili iweze kutazamwa.

Kutoka langoni hadi kwenye vibanda vya kulala mgeni hupelekwa kwa mkokoteni unaokokotwa na nyati-maji, yule mnyama mpole ambaye Wafilipino humwita kalabaw, na nyuma ya mkokoteni hukaa waimbaji wenye magita. Mwanangu wa kiume hakusikia wimbo hata mmoja. Macho yake yote yalikuwa kwenye mkia. Mimi nilikuwa nikitazama juu. Minazi ya pale ni mirefu kama ya kwetu, imepangwa kwa mistari iliyonyooka, na chini yake miche mipya imeingizwa katika mapengo ya ile iliyozeeka, jambo ambalo kwa jicho la mtoto wa mkulima ni habari njema kuliko nyimbo. Mahali fulani, kabla ya kona, upepo ulileta moshi wa vifuu. Ule moshi haufanani na moshi wa kuni. Ni mzito, una utamu wa mafuta ndani yake, na hukaa katika nguo siku tatu. Nikamwambia mume wangu kwamba mbata inakaushwa karibu. Akaniuliza nimejuaje, na nyati-maji alipopinda kona tukaiona chanja yenyewe, imeezekwa bati, moshi unapenya pembeni. Wao huiita tapahan. Mkokoteni haukusimama, maana chanja haikuwa sehemu ya matembezi.

Baada ya kuweka mizigo tulirudi kwa miguu. Hapo ndipo nilipofanya kituko ambacho watoto wamekisimulia kwa kila mtu tangu turudi. Karibu na rundo la nazi walikuwa wanaume wawili wakifua, na kifuo chao kilikuwa kama cha kwetu, chuma kilichochongoka kimesimikwa ardhini hadi usawa wa goti. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia ya majani, aliona tumesimama akamwalika mume wangu ajaribu, kwa sababu mgeni mwanamume hualikwa kujaribu, akishindwa watu wacheke kidogo, basi urafiki umekwisha patikana. Mume wangu alijaribu kwa moyo wote. Aliichoma nazi kwenye ncha, akaing'ang'ania, akaizungusha, ikamponyoka ikaviringika hadi kwenye miguu ya binti yake. Nikaomba na mimi.

Siri ya kufua nazi haiko katika nguvu za mikono, na sidhani kama inaweza kuandikwa vizuri, lakini nitajaribu. Nazi unaishika kwa viganja viwili, kichwa chake kikiwa upande wako, na unaishusha kwenye ncha kwa uzito wa mwili, si kwa kuipiga. Inapoingia unasikia kumbi likinong'ona. Hapo huivuti, unaikunja kwa mbele, kama mtu anayekamua nguo, na kumbi linaachia kipande kizima. Mara tatu, na nazi iko mkononi, imebaki na kishungi chake kidogo juu ya macho. Babu hakuturuhusu kukiondoa kishungi hicho, kwa kuwa nazi iliyonyolewa macho haikai. Sikuwa nimeshika kifuo kwa miaka kumi na minne. Niliichoma ya kwanza vibaya, kipande kikatoka nusu, lakini ya pili ilikwenda kama inavyopaswa kwenda, na yule mzee alipoona nimekiacha kishungi alivua kofia yake na kusema neno kwa mwenzake, nao wakacheka, si kwa kunicheka. Binti yangu ndiye aliyetafsiri: "Mama, anasema mtu huyu si mtalii."

Yeye ndiye aliyetuonyesha pia, kwa kidole tu, kitu ambacho sijawahi kukiona pwani yetu. Katika sehemu hizi za Quezon wagema huunganisha minazi kwa mianzi miwili, mmoja wa kukanyaga na mwingine wa kushika, huko huko juu karibu na makuti, ili mgema akishapanda mnazi mmoja asishuke tena mpaka amalize shamba. Anatembea angani kutoka kilele hadi kilele akiwa na chombo chake cha mwanzi mgongoni. Tembo lao huitwa tuba, na wakilitonesha kwa moto hupata pombe kali iitwayo lambanog, ambayo hatukuionja. Mgema wa kwetu huchonga ngazi za vikanyagio kwenye shina, akapanda na kushuka kila mnazi asubuhi na jioni, na babu alikuwa akisema kwamba mgema hazeeki magoti yakiwa mazima. Nilitazama ile mianzi kwa muda mrefu. Mume wangu alisema ni akili kubwa. Mimi niliwaza kuanguka.

Hapa niseme kidogo jambo la historia, maana lilinijia nikiwa nimekaa chini ya minazi hiyo. Ufilipino haikujaa minazi kwa hiari ya wakulima peke yao. Mwaka 1642 gavana wa Kihispania, Sebastián Hurtado de Corcuera, alitoa amri kwamba kila mwenyeji apande minazi 200, kwa sababu merikebu za wakubwa zilihitaji makumbi ya kukalafati na kusokota kamba. Karibu karne mbili baadaye, upande wetu wa bahari, Sayyid Said aliwaamuru wenye mashamba wa Unguja wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Huku mnazi uliamriwa kuongezwa, kule uliamriwa kuzidiwa, na katika nchi zote mbili aliyeshika jembe hakuulizwa.

Chakula cha mchana pale huliwa mtoni. Maji yanayomwagika juu ya ukuta wa lile bwawa la mwaka 1929 yanashuka kama pazia hadi kwenye sakafu ya saruji, na juu ya sakafu hiyo, ndani ya maji yanayofika vifundoni, zimepangwa meza ndefu za mianzi. Unavua viatu, unachukua chakula chako, unakaa, miguu majini, na mgongoni unasikia maporomoko. Wafilipino kula kwa mkono huita kamayan, kutoka kwa neno kamay, mkono, na huko hotelini hulifanya kuwa jambo la pekee lenye jina lake, ambalo wageni wa mjini hulishangilia. Watoto wangu walinawa na kuanza kula bila kushangilia chochote. Tuliomba tuonyeshwe vyakula visivyo na nguruwe, tukapewa perege wa kuchoma, kuku, wali, na boga lililopikwa na kunde mbichi ndefu katika tui zito, ambalo wao huliita ginataan na mimi naliita maboga ya nazi, na sioni kwa nini nibadilishe jina. Nilimwuliza mpishi aliyekuwa akijaza mabakuli kama wanakuna nazi kwa mbuzi. Hakuelewa, nikamchorea kwa vidole kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Akacheka, akasema kifaa hicho huitwa kudkuran, ila kwao nyumbani humwita kabayo, yaani farasi. Basi wao humpanda farasi na sisi humkalia mbuzi, na tui linatoka lile lile.

Ni hapo mtoni tulipopata hasara ya safari. Nilikuwa nimewaambia watoto waache kandambili zao ukingoni. Yule mdogo aliingia nazo, kwa sababu ni mpya na zina picha ya papa, na kabla sijamaliza kumsema ya kushoto ilimvuka, ikaelea chini ya meza yetu, ikapita kwa heshima zote chini ya meza ya pili na ya tatu, watu wakiinua miguu kuipisha, kisha ikaanguka mtoni. Baba yake aliifukuza hadi pale ambapo mtu mwenye akili husimama. Mtoto hakulia mara moja. Alisubiri hadi alipoelewa kwamba papa mmoja amebaki peke yake.

Alasiri tuliingia jumba la makumbusho, ambalo kwa nje ni nakala ya kanisa la San Francisco lililokuwa ndani ya kuta za Intramuros, Manila, na kuharibiwa katika vita vya mwaka 1945. Ndani ni mkusanyiko wa familia moja, nao una tabia ya mikusanyiko ya familia: madhabahu za fedha, vyombo vya kauri kutoka China, sarafu, wanyama waliokaushwa, sanamu za watakatifu zilizovikwa mavazi yaliyotariziwa. Sitasema mengi juu ya vitu hivyo, kwa kuwa watoto walikuwa wamechoka na tulipita haraka. Lakini nilimweleza binti yangu jambo moja mbele ya picha za Wahispania wa mwanzo. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliishambulia Kilwa na kuichoma moto Mombasa, na katika msafara huo alikuwamo kijana ambaye dunia inamjua kwa jina la Magellan. Miaka 16 baadaye, akiwatumikia Wahispania, alifika visiwa hivi, na tarehe 27 Aprili 1521 akauawa na watu wa Mactan. Binti yangu, ambaye shuleni amefundishwa habari za Lapulapu, mtawala wa Mactan, na kumfanya shujaa wake, alinitazama kana kwamba nimemwambia kuwa adui wa hadithi yake aliwahi kupita uani kwa bibi yake. Tangu hapo alianza mchezo wa kutafuta maneno. Mesa ni meza, bandera ni bendera, padre ni padri. Sisi tuliyapata kwa Wareno, wao kwa Wahispania, majirani wa nyumba moja. Salamat, asante yao, ina asili ya Kiarabu kama salama yetu, na hukom ni hakimu.

Kitu ambacho jumba hilo halikunionyesha ni nyumba ya mkwezi. Mwenye shamba nimemjua kwa jina, kwa picha, kwa viti vyake na sahani zake. Waliookota nazi hizo kwa miaka mia moja hawana kabati lao. Sidai kwamba hiyo ni kasoro ya mahali hapo peke yake, kwani Mafia wageni hupelekwa kwenye magofu ya Kua na Chole, wakaonyeshwa misikiti na nyumba za mabwana, na hakuna anayewapeleka kuona kibanda cha kukaushia mbata. Lakini Ufilipino habari za wakulima wa minazi si ndogo kiasi cha kuachwa nje. Kati ya mwaka 1973 na 1982 walikatwa tozo kwa kila mbata waliyouza, wakaambiwa fedha hizo zitawarudia, nazo zikanunuliwa benki na hisa za makampuni zilizoangukia mikononi mwa watu wa karibu na Rais wa wakati huo, Ferdinand Marcos. Kesi zilikwenda kwa miongo, na sheria ya kuunda mfuko wa amana kwa ajili ya wakulima hao ilipatikana mwaka 2021, wakati wengi wa waliokatwa walikuwa wazee au wamekwisha kufa. Kabati moja lenye stakabadhi chache za tozo hiyo lingenitosha kuliko wanyama wote waliokaushwa.

Usiku tulilala katika kibanda cha mtindo wa bahay kubo, nyumba ya nguzo yenye sakafu ya mianzi iliyopasuliwa na kuachiwa mwanya, ili upepo upande kutoka chini na mchanga uangukie huko huko. Kuta zake ni za mianzi, na paa lake ni la majani ya mnipa yaliyokunjwa juu ya kijiti na kushonwa, kazi ile ile ya makuti ya viungo. Nililala chali nikiyahesabu na nikaona kwamba fundi wao huyapanga karibu karibu kuliko wa kwetu, pengine kwa sababu ya tufani.

Kabla ya kulala, kwenye baraza ya kibanda cha jirani, alikuwa ameketi bibi mmoja na wajukuu zake, wakicheza. Binti yangu alimwendea, akauchukua mkono wa yule bibi akaugusisha kwenye paji lake la uso, akisema "mano po", kama wanavyofanya watoto wote wa hapa kwa wakubwa. Bibi akambariki. Kisha binti akamweleza, kwa kujivuna kidogo, kwamba kwao hushikwa miguu, lakini kwa maneno tu: shikamoo. Bibi alifurahi, akataka aambiwe jibu lake, na kwa muda wote uliobaki kila mtoto aliyempita alijibiwa "marahaba", hata ambaye hakusema kitu.

Mchezo wenyewe ulikuwa sungka. Ni ubao mrefu kama mtumbwi, wenye mashimo madogo saba kila upande na shimo kubwa kila mwisho, na kete zake ni kauri za baharini. Mimi ni binti wa watu wa bao, nami nilijiona najua. Bao letu lina safu nne za mashimo manane na linataka hesabu ya mbele. Sungka ina safu mbili na mwendo wake ni wa mzunguko mmoja, na nikadhani ni mchezo wa watoto. Yule bibi alinifunga mara tatu mfululizo bila kuacha kuzungumza na mume wangu. Mashimo madogo aliyaita bahay, nyumba, na yale makubwa ulo, kichwa. Bao letu nalo lina nyumba na lina kichwa, ingawa si mahali pale pale.

Wakati wa kuhesabu kete alihesabu kwa sauti: isa, dalawa, tatlo, apat, lima, anim, pito, walo. Niliwahi kusoma na Mmalagasi, naye alihesabu isa, roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo. Lugha hizi ni za ukoo mmoja. Mababu wa Wamalagasi walivuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya upande huu, na nazi, ambayo Kitagalogi huita niyog, Madagaska inaitwa voanio. Kwetu Mafia jina la Madagaska lina uchungu, maana ni Wasakalava wa kutoka huko walioivamia Kua mwanzoni mwa karne ya 19 na kuiacha kuwa magofu hayo tunayowaonyesha wageni. Lakini ngalawa zetu nazo, zenye matengo ubavuni, wanahistoria wengi huzihusisha na mabaharia hao hao. Nilimtazama mwanangu amelala kwenye mapaja ya mwanamke anayehesabu namna hiyo, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, nikaacha kuwaza.

Jumapili kulikuwa na ngoma, na mtu aliyezipanga, marehemu Ramon Obusan, alitunukiwa hadhi ya Msanii wa Taifa mwaka 2006. Zilichezwa nyingi, nami nitataja mbili. Tinikling ni ya mianzi miwili inayogonganishwa chini huku wachezaji wakiruka katikati yake kwa kumwigiza ndege anayekwepa mitego. Inaanza polepole na kuishia kwa kasi ambayo hadhira nzima hukunja vidole vya miguu. Singkil ni ya Wamaranao, Waislamu wa Mindanao, na hapo mianzi ni minne imepishana msalaba, na binti wa mfalme anapita katikati bila kutazama chini hata mara moja, akipunga vipepeo viwili vya mkononi, kana kwamba mianzi hiyo inagonga katika chumba kingine. Binti yangu amejifungia chumbani tangu juzi akijizoeza kutotazama chini. Ameshajigonga kwenye kitanda mara mbili.

Tulirudi jioni na nazi mbili, zawadi ya yule mzee wa kifuo, zote zina vishungi vyake. Nilimpigia mama Mafia kabla hata sijafungua mizigo.

"Kumbe umetoa hela kwenda kuona minazi," alisema, baada ya marahaba. "Ungekuja hapa, ungeiona bure na panga ningekupa."

Nilimweleza habari za mianzi ya angani, za meza za mtoni, za chanja iliyoezekwa bati. Alisikiliza, kisha akauliza nazi moja huko wanauza kiasi gani. Nikamwambia sikuuliza.

"Siku mbili zote?"

Sikuwa na la kujibu. Akaniambia wadudu wa chonga wameingia tena kwenye miche yake ya mwaka juzi, wanatoboa moyo wa mnazi na kuuacha unachanua makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi, na akataka kujua kama wenzetu hao wana dawa. Hilo walau nililijua: hapa hutumia ukungu uitwao Metarhizium, huuweka kwenye takataka na mashina yaliyooza ambamo buu la chonga hukulia, nao humwua kabla hajaota mabawa. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema babu alikuwa akimchokoa chonga tunduni kwa waya uliopindwa ncha, mmoja mmoja, asubuhi kabla ya jua kali, na kwamba waya wenyewe bado upo, umechomekwa kwenye makuti ya paa la jiko, juu ya mlango.